Siku Tulipopunguza Ahadi

Swali lenyewe lilikuwa fupi: ndugu na watu wengine watamchangia mwanafunzi kiasi gani kwa mwaka? Mbele yake palikuwa na nafasi ya kuandika tarakimu. Binti wa kaka yangu akaandika sifuri. Mimi, shangazi yake, nikamwambia afute.

Tulikuwa sebuleni kwa kaka, kijijini Kichiwa, mvua ya Desemba ikipiga bati kiasi cha kutulazimisha kusemezana kwa kupaza sauti. Binti alikuwa amemaliza kidato cha sita kwa matokeo ambayo ukoo wetu haujawahi kuyaona, na alikuwa ameomba nafasi katika chuo kimoja cha Marekani alichokipata mwenyewe kwa kutafuta kwenye simu. Alinieleza utaratibu wao kwa subira. Vyuo vingi vya kule humpa mwanafunzi wa kigeni nafasi, kisha humtakia kila la heri kuhusu ada. Vichache huuliza familia ina nini, hupiga hesabu ya kile inachoweza kutoa, na kilichobaki hukilipa vyenyewe. Hiki kilikuwa kimojawapo cha hivyo vichache. Kwa hiyo fomu ile ndiyo ingeamua kama anaondoka au anabaki kuchimba viazi na baba yake.

Mimi ndiye msomi wa familia. Cheo hiki nilipewa miaka mingi iliyopita kwa kosa la kumaliza chuo kikuu, na sijapata namna ya kujiuzulu. Nikiandika makala gazetini, kaka huzikata na kuzihifadhi bila kuzisoma. Ikija barua ya serikali, huletwa kwangu. Ikija fomu ya Kiingereza, nani mwingine?

Nikamwambia binti kwamba sifuri ni aibu. Huku kwetu ukifika hospitali, kabla ya kuulizwa unaumwa nini utaulizwa umekuja na nani. Ukienda kuomba shule, wanataka kujua mlezi ni nani, na nyuma ya mlezi yuko nani. Mtu asiye na watu anatazamwa kama mzigo ambao utamwangukia mwenye ofisi. Nikaona wazi jinsi afisa wa chuo, huko aliko, atakavyoiona sifuri yetu na kusema: huyu mtoto hata kwao hawamtaki.

"Shangazi, lakini ni kweli hakuna anayenipa kitu," binti alisema.

"Bado hujaombewa mchango," nikamjibu.

Tukaliacha swali wazi. Krismasi ilikuwa inakaribia, na ndugu walio mijini wangekuwa wamerudi. Nikamwendea mwinjilisti wa mtaa wetu nikaomba nafasi ya changizo baada ya ibada, Jumapili ile iliyo kati ya Krismasi na mwaka mpya. Akakubali. Kisha nikatafuta mgeni rasmi, na hapo pia nilijiona nimefanya kazi nzuri.

Mgeni rasmi nilimtoa Makambako. Yeye na kaka yangu wameoa ndugu wawili; mimi namwita shemeji, binti anamwita Baba Mdogo. Ni mtu wa Makete, amekuja Makambako kijana akiwa na begi moja, na sasa ana yadi ya mbao karibu na barabara kuu na watu wa Dar es Salaam wanaompigia simu. Tunataniana sana. Yeye husema Wabena tunalala mchana. Mimi humwambia Wakinga wanahesabu hata wakiwa usingizini. Alipokubali kuja alisema anakuja kwa ajili ya binti tu, si kwa ajili ya shangazi anayeandika magazetini mambo asiyoyajua.

Kwa asiyewahi kukaa kwenye changizo la kwetu, nieleze kidogo. Mgeni rasmi ndiye anayefungua. Yeye akitaja kidogo, wote watataja kidogo. Akitaja kikubwa, wote wanajinyoosha. Siku ile alisimama na koti lake jeusi, akatazama kanisa lililojaa masweta na vitenge, akasema kwa utulivu: "Mimi, mama watoto na rafiki zangu, tunaahidi milioni kumi."

Rafiki za mgeni rasmi hakuna aliyewahi kuwaona. Hutajwa katika kila changizo, na hakuna anayeuliza wako wapi. Kanisa lilishangilia kwa vigelegele. Mzee wa kanisa akafuata, yeye na familia yake na rafiki zake. Mjomba wetu kutoka Lupembe, mkulima wa chai, akasema majani ya miezi mitatu mbele ni ya binti. Akinamama wakaahidi. Kwaya ikaahidi. Ikafika mahali hata mimi nikasimama na kuahidi kiasi ambacho sijawahi kukishika kwa wakati mmoja tangu nianze kulipwa kwa maneno.

Kila mtu mle ndani alijua ahadi ni nini. Ahadi ni namna ya kumwambia mtu hadharani unamthamini kiasi gani. Sehemu yake huja siku ile kwenye beseni. Sehemu huja polepole, wakati wa mavuno, pengine ikiwa kuku. Sehemu haiji, na hakuna anayeitwa kuulizwa, kwa sababu kilichotakiwa kimeshatolewa: heshima. Nilijua hivyo kama wanavyojua wote. Nilikua nikijua.

Kisha nikarudi mezani, nikajumlisha ahadi zote, yangu ikiwamo, nikabadili kuwa dola, na nikamwamuru binti aandike tarakimu ile kwenye fomu. Si hivyo tu. Niliambatanisha barua ya kurasa mbili, kwa Kiingereza changu kilicho bora, nikieleza jinsi jumuiya nzima ya nyanda za juu ilivyosimama nyuma ya binti mmoja. Nilirudia kuisoma kwa raha. Ugonjwa wa waandishi ni kwamba tukishapata sentensi nzuri hatuulizi tena kama ni ya kweli.

Jibu lilikuja mwisho wa Machi. Binti alipiga simu nikiwa Njombe mjini, sokoni, nikichagua maparachichi. Akasema amechukuliwa. Nikaacha maparachichi pale pale, nikapanda gari kwenda Kichiwa na viatu vyangu vya mjini, nikamkuta kaka amesimama mlangoni na jembe mkononi kama mtu aliyesahau alikuwa anaenda wapi. Wifi alikuwa ameshaanza kulia na kupika kwa pamoja.

Ni binti peke yake ambaye hakuwa anacheka. Alikuwa ameshasoma karatasi ya pili.

"Baba," alisema, "wametoa zile za Baba Mdogo."

Kaka hakuelewa. Akauliza wamezitoa wapi. Binti akageuza simu, akamwonyesha mistari. Juu palikuwa na gharama zote za mwaka. Chini yake msaada wa chuo, mkubwa, mkubwa kuliko tulivyothubutu kuota. Na chini kabisa palikuwa na sehemu ya kulipwa na familia. Binti alinitazama mimi aliposema tarakimu ile, ingawa hakusema kwa ubaya. Ilikuwa karibu sawasawa na jumla ya ahadi. Walikuwa wamezichukua zote, na rafiki wa mgeni rasmi wakiwamo, wakahesabu kwamba ni fedha zitakazoingia kila mwaka, kwa miaka minne, na kiasi hicho wakakipunguza kwenye msaada wao. Tulikuwa tumewaambia tunazo. Wakatuamini.

Kaka aliketi. Akauliza kama akiuza shamba la viazi na miti michanga nyuma ya nyumba itatosha. Isingetosha hata mwaka mmoja, na kila mmoja mle ndani aliweza kupiga hesabu hiyo bila kalamu.

Chuo kilitaka jibu kabla Aprili haijaisha. Bila kuonyesha namna ya kulipa sehemu ya familia, hawatoi karatasi ya kuombea viza, na bila karatasi hiyo hakuna safari. Binti aliandika kwa afisa wa misaada, mama mmoja ambaye jina lake tulilijua kwa sababu lilikuwa chini ya kila ujumbe. Aliandika mwenyewe, safari hii sikuombwa Kiingereza changu. Alieleza kwamba zile zilikuwa ahadi za hadharani na kwamba kwetu ahadi si fedha. Jibu likarudi kesho yake, la upole. Wanaweza kupiga hesabu upya. Kamati inakaa Jumatano ya wiki ya tatu ya mwezi. Kabla ya siku hiyo wanahitaji barua fupi kutoka kwa kila aliyeahidi kiasi kikubwa, ikisema kwa kweli atatoa kiasi gani.

Binti aliposoma mstari huo kaka akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Nani atakwenda kuwaambia?" akauliza.

Macho yakaja kwangu.

Jaribuni ninyi. Nendeni kwa mzee mwenye heshima, mketi, mnywe chai yake, muulizane hali za nyumbani, kisha mwombeni aandike kwa mkono wake kwamba alichosema kanisani hatakitimiza. Mzee wa kanisa alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema yeye hajakataa kutoa. Nikasema najua, mzee. Akasema ahadi yake iko pale pale. Nikasema hilo ndilo tatizo, mzee. Akasema hajawahi kuona msomi anayekwenda nyumba kwa nyumba akiwaomba watu wasitoe, na kama hivi ndivyo vyuo vinavyofundisha, basi binti abaki nyumbani. Mkewe, aliyekuwa anachambua maharage pembeni, aliniangalia kwa huruma ambayo ilinichoma zaidi ya maneno.

Lupembe nilikwenda kwenye matope ya Aprili. Lori la kukusanya majani lilikuwa limekwama njiani, na mjomba wetu alikuwa analisubiri kwenye kibanda cha kupimia. Alielewa haraka kuliko wote. Alikuwa ameahidi majani ya miezi mitatu, na miezi hiyo ilikuwa imeshapita ikala mbolea na ada za wajukuu. Lakini hakutaka kuwa wa kwanza.

"Mgeni rasmi amesemaje?" aliuliza.

Nikasema bado sijaenda kwake.

"Mgeni rasmi akishuka, na sisi tutashuka. Hatuwezi kushuka tukamwacha yeye juu, itaonekana tulimdanganya."

Hata kwaya walinijibu vivyo hivyo. Kila mahali nilipofika, mlango ulikuwa mmoja, na ufunguo wake ulikuwa Makambako.

Nilishuka Makambako siku ya Jumanne, wiki moja kabla ya kamati. Upepo ulikuwa unapuliza vumbi la mbao usoni kama kawaida yake. Kwa kuwa Kichiwa hatuna pa kuchapisha, na kwa kuwa sikutaka kumsumbua shemeji kutunga barua, niliingia kwenye duka la steshenari pale stendi nikamsomea kijana aandike: mimi fulani, mfanyabiashara wa mbao, natamka kwamba kutokana na hali ya biashara sitaweza kutoa kiasi nilichoahidi. Kijana alichapa vizuri. Nikamlipa, nikaikunja barua, nikaelekea yadi nikiwa najiona mtu mwenye mpango.

Yadi ilinishtua. Nilikuwa nimezoea kuiona imejaa mpaka njia ya kupita ni ya kugombaniwa. Sasa mirundo ilikuwa michache, na mashine ya kuranda ilikuwa imefunikwa turubai. Shemeji alikuwa ameketi kwenye benchi peke yake, na kofia yake ya sufu imeshuka mpaka kwenye nyusi.

"Mbena ameamka," alisema. "Kuna msiba?"

Nikamtania kidogo, akanijibu kidogo, lakini utani haukushika moto. Nikamweleza yote tangu mwanzo. Alisikiliza akichokonoa ganda la ubao kwa ukucha. Nilipofika kwenye barua nikaitoa, nikampa. Akaisoma taratibu. Akairudia.

"Umechapisha wapi hii?"

"Pale stendi."

Alinitazama kwa muda mrefu. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu ninayetaniana naye.

"Kijana wa pale ni mtoto wa dada wa mtu anayeniuzia magogo," alisema. "Ananipa magogo leo, namlipa nikishauza. Ananipa kwa sababu anajua mimi nina kitu. Wewe umekwenda ukamsomea mpwa wake kwamba sina. Na umelipia."

Upepo ukaichukua barua mkononi mwake, akaikamata juu ya goti bila kuiangalia.

"Mbao zimelala tangu mwezi wa pili," aliendelea, kwa sauti ya chini. "Watu wa Dar hawachukui. Hili nalijua mimi na mama watoto. Sasa analijua na stendi. Mimi hapa Makambako sina ukoo, shemeji. Sina shamba la babu. Nina jina. Ukiniambia niandike kwamba sina, umeniambia nifunge."

Nikamwambia barua itasomwa na mtu mmoja tu, huko mbali, asiyejua hata Makambako iko wapi. Akatikisa kichwa. Nikamwambia basi, kama hataandika, binti hataenda. Nikajaribu mara ya mwisho, kwa kuwa nilikuwa nimeishiwa, nikamweleza hesabu ilivyofanyika: kwamba kwenye vitabu vya kile chuo ile milioni kumi imeshahesabiwa, na msaada wa binti umeshapunguzwa kwa ajili yake.

Hapo aliinua uso. "Yaani kule nimeshaandikwa?"

"Umeandikwa."

"Kwamba nimempa?"

"Kwamba unampa. Kila mwaka."

Akasimama, akakunja barua yangu mara nne, akaitia mfukoni, akasema ana kazi. Hapakuwa na kazi yoyote. Niliondoka.

Siku zile tatu zilizofuata ni kati ya zile ambazo nisingependa kuzirudia. Alhamisi mke wake alimpigia wifi simu akilia: muuza magogo amesema mzigo unaofuata atautoa kwa fedha taslimu tu. Wifi akaniambia habari hiyo akiwa ananipa kisogo. Kaka aliacha kutaja chuo. Na Ijumaa binti alinifuata nje, kwenye uzio wa mianzi, akasema ameshaandika ujumbe wa kukataa nafasi, hajautuma tu. Sauti yake ilikuwa kavu kabisa.

"Siwezi kwenda kusoma kwa kumfilisi Baba Mdogo," alisema.

Nikamsihi asubiri mpaka Jumatatu. Akauliza Jumatatu kutatokea nini. Nilisema tu asubiri, kwa sauti ya mtu mzima, sauti ambayo ndiyo iliyotufikisha pale tulipokuwa.

Jumamosi jioni simu ya kaka iliita. Ilikuwa ni shemeji. Hakutoa salamu ndefu. Aliuliza ibada ya kesho inaanza saa ngapi, akakata.

Alikuja na mkewe na lile koti jeusi. Waliketi mbele, mahali pale pale pa Desemba, na kanisa zima likaanza kunong'ona, kwani maneno ya Makambako yalikuwa yamekwisha kupanda mpaka Kichiwa. Binti alikuwa upande wa kwaya. Niliona amekunja mikono kifuani kama mtu anayesikia baridi. Mahubiri siyakumbuki hata neno. Ulipofika wakati wa matangazo, mwinjilisti akasema kuna mgeni ameomba kuzungumza.

Shemeji alisimama. Akasalimia, Bwana Yesu asifiwe, tukaitikia.

"Desemba nilisimama hapa nikasema milioni kumi," alianza. "Mimi, mama watoto na rafiki zangu. Rafiki hawapo."

Watu walicheka. Yeye hakucheka, na kicheko kikafa.

"Mnaambiwa nimefilisika. Sijafilisika. Mbao zimelala, zikiamka nitawaambia. Lakini huko chuoni nimeandikwa kwamba natoa fedha hizo, na kwa sababu yangu mtoto amepunguziwa. Kuahidi nimezoea, na ninyi mmezoea. Kuandikwa nimelipa wakati sijalipa, huo mimi nauita wizi." Akaingiza mkono kwenye koti, akatoa bahasha. "Nina laki sita, hizi hapa. Mwakani sijui. Naomba kanisa linipunguzie."

Akaketi.

Mwinjilisti alibaki ameshika kitabu cha matangazo, kwani hakuna ukurasa unaosema nini kinafuata mtu akiomba kupunguziwa. Mke wa shemeji alikuwa anatazama sakafu. Nikajisemea, hakuna atakayesimama. Atabaki peke yake pale chini, na itakuwa ni mimi niliyemshusha. Nilianza kuinuka mimi, na kabla sijanyooka mzee wa kanisa alikuwa amesimama.

Alisafisha koo. Akasema na yeye anaomba kupunguziwa. Akataja kiasi ambacho kilikuwa kidogo sana kuliko cha Desemba, akasema kitatoka viazi vikishauzwa. Kisha mjomba wa Lupembe, ambaye nilikuwa sijui kama amekuja: majani ya wiki mbili, si ya miezi mitatu. Nikasimama na mimi, nikashuka mpaka pale mshahara wangu unapofika, na kuna mtu nyuma alisema "afadhali" kwa sauti ya kutosha. Wakafuata akinamama, mmoja baada ya mwingine, kutoka laki hadi debe la maharage, kutoka mbuzi hadi kuku. Ikawa kama mnada wetu wa mazao baada ya ibada, ila unarudi nyuma. Mzee mmoja alipandwa na mori, akasema yeye anaongeza. Kanisa zima likamkatalia. "Kaa chini, baba," mwenyekiti wa akinamama alimwambia, "leo tunashuka."

Baada ya ibada tuliweka meza nje. Binti aliandika barua kwa mkono, moja moja, mistari miwili mitatu, kila mtu akasaini ya kwake, naye akazipiga picha. Mimi nilishika kalamu za akiba. Shemeji alikuwa wa kwanza kusaini, kisha akasimama kando ya gari lake akisubiri. Watu waliokuwa wakipita walimpa mkono. Wengine walimpa mkono huku wakiangalia pengine. Kaka alikwenda akasimama karibu naye. Wote wawili walikuwa wanatazama barabara.

Kamati ilikaa Jumatano ile. Alhamisi hapakuwa na ujumbe. Ijumaa hapakuwa na ujumbe, na mvua iliondoa mtandao mchana kutwa. Binti alipanda na kushuka kilima cha shule akitafuta mahali simu inaposhika. Alirudi jioni, ameloa mpaka nywele, akampa baba yake simu. Kaka hasomi Kiingereza. Akanipa mimi.

Walikuwa wamezifuta ahadi zote, wakabakiza kile kilichotolewa na kile kilichosainiwa. Msaada ulikuwa umepanda. Sehemu ya familia ilikuwa imebaki kiasi ambacho kaka angeweza kukifikia kwa viazi vya mwaka ule, kama bei haitaanguka, na nauli ingetafutwa. Afisa alishukuru kwa barua, akaongeza kwamba hajawahi kupokea barua zinazotaja maharage. Akauliza pia kama tungependa ile barua ya kwanza, ya kurasa mbili, ibaki kwenye faili. Nilimwomba binti ajibu kwamba hapana.

Nilimpigia shemeji mwenyewe. Nilitaka asikie kutoka kwangu. Nyuma yake nilisikia upepo, na sikusikia mashine. Nikamwambia binti anakwenda. Akasema amina. Nikamuuliza magogo. Akasema amepata kidogo, kwa fedha taslimu, anaanza tena kama alivyoanza na begi lake, isipokuwa sasa ana mgongo unaouma. Alisema hivyo bila utani, nami sikuthubutu kuuleta.

Akauliza kama fomu ile imeisha sasa. Nikamwambia haijaisha: hujazwa kila mwaka, na kila mwaka wataliuliza tena swali la ndugu.

"Basi mwakani tafuta mgeni rasmi mwingine," alisema. "Mimi nitakuja. Nitakaa nyuma, na chochote nitakachokuwa nacho nitaleta mkononi."